Mtoto Wako Anajiita Nani?



Somo letu: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13.

Jioni moja hapa makazini, kwenye bomba la maji, mtoto mdogo alisukumwa nyuma ya foleni na jerikani yake. Tulipomwuliza kwa nini hakudai nafasi yake, alijibu, "Mimi ni mkimbizi tu." Tulinyamaza, maana neno lile hakulitunga yeye. Alilisikia mahali, na huenda nyumbani mwetu.

Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na umri wa miaka 5 habari za vita zilipofika. Yaya wake alimbeba akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto alianguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Wazazi wengi hapa wanaijua mbio ile. Alikulia ugenini, Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine. Mfalme Daudi alipomwita, yeye mwenyewe alijifananisha na mbwa aliyekufa.

Tazameni jambo hili. Ziba, mtumishi, alipoulizwa juu yake alitaja kilema chake, jina hakulitaja. Lakini Daudi alipomwona alimwita kwa jina: Mefiboshethi. Kisha akamwambia asiogope, akampa nafasi mezani pake. Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tumwite mtoto kwa jina lake, tumweleze maana yake na nani alimpa. Neno "mkimbizi" si tusi. Linaeleza safari iliyotupata, halielezi thamani yetu. Thamani hiyo Mungu alitupa alipotuumba kwa mfano wake (Mwanzo 1:27), kabla hatujavuka mpaka wowote.

Pili, tuchunge vinywa vyetu. Yuko mtoto wa miaka 10 aliyewekwa darasa la kwanza kwa sababu hajui Kiingereza, na wenzake humcheka. Akirudi nyumbani, posho imepungua, naye anaambiwa, "Unakula bure! Tazama mtoto wa jirani!" Kicheko cha shuleni kinamwumiza mtoto, lakini mzazi akikirudia, mtoto anakiamini. Baba na mama, kama tumekosa hapo, tusione haya kumwomba mtoto msamaha.

Tatu, tumpe nafasi. Hata kama meza yetu ni mkeka na chakula ni ugali na maharage, aulizwe habari za siku yake na asikilizwe mpaka amalize. Hata mdogo wa miaka 5 anaweza kuombea chakula. Na kanisani, wageni wakifika, tusiwe wepesi kuwaondoa watoto kwenye viti ili wakubwa wakae. Bwana Yesu alichukizwa na wanafunzi wake walipowazuia watoto (Marko 10:13-16).

Wapendwa, somo letu linamalizika Mefiboshethi akila mezani pa mfalme sikuzote, na miguu yake bado ni kilema. Hatuwezi kuwaahidi watoto wetu kwamba kesho hakuna atakayewacheka. Lakini wakiwa na mahali pamoja wanapoitwa kwa jina na kuketishwa kwa heshima, watajua kwamba wanaocheka hawakusema kweli.

Leo usiku, kabla hawajalala, tuwawekee mikono watoto wetu, mmoja mmoja kwa jina lake, tuwabariki.

Mungu azilinde jamaa zenu. Amina.