Mpira Penye Kilio: Msimu wa 1914–15 na Swali la Masisi

Swali kama ni halali watu kucheza na kushangilia wakati wenzao wanauawa ni la kale katika dini na katika falsafa ya maadili, yaani tawi la fikra linalochunguza lipi ni jema kutenda na lipi ni baya. Lakini mara chache limeulizwa kwa ukali kama lilivyoulizwa Uingereza katika msimu wa ligi wa 1914–15, na mara chache limewagusa waliofiwa kama linavyowagusa leo wakazi wa Masisi na Walikale, wilaya mbili za Jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuuweka msimu ule kando ya hali ya Masisi si kulinganisha vita viwili, maana havilingani. Ni kutafuta hoja zilizotolewa wakati ule zinashika wapi, na wapi zinavunjika.

Ligi ya soka la kulipwa, yaani mashindano ya klabu zinazowalipa wachezaji wake mshahara, ilianzishwa Uingereza mwaka 1888 kwa juhudi za William McGregor wa Aston Villa, miaka mitatu baada ya malipo kwa wachezaji kuruhusiwa rasmi. Klabu 12 za mwanzo zilitoka Lancashire na maeneo ya kati ya nchi, kwenye miji ya viwanda vya pamba, makaa ya mawe na chuma, ambako Jumamosi alasiri ndiyo iliyokuwa nafasi ya mfanyakazi kupumua, na ambako mchezaji mwenyewe alikuwa kibarua mwenye mkataba kama jirani yake aliyeshinda kiwandani. Jambo hili la tabaka lazima likumbukwe, kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, klabu za raga ya ridhaa, mchezo wa waungwana wasiohitaji mshahara wa uwanjani, zilisimamisha mechi zao haraka, ilhali ligi ya soka ilifungua msimu wake Septemba kama ilivyopangwa.

Lawama zilikuja mara moja. Frederick Charrington, Mkristo mwinjilisti aliyeukana utajiri wa kiwanda cha bia cha familia yake, aliendesha kampeni ya kutaka mechi zikomeshwe, na alipojaribu kuwahutubia watazamaji katika uwanja wa Fulham aliondolewa kwa nguvu. Mwanahistoria A. F. Pollard naye aliandika gazetini kwamba klabu zinazowafunga vijana kwa mikataba zinamsaidia adui. Waliojibu walisema kuwa mkataba ni ahadi na ahadi haivunjwi kwa makelele ya magazeti, kuwa askari aliyeko likizo na mchimba makaa aliyechoka wanahitaji kupumzishwa nafsi, na kuwa viwanja vilikuwa vimefunguliwa kwa wanaoandikisha askari. Desemba 1914 ikaundwa batalioni ya 17 ya Kikosi cha Middlesex, iliyojulikana kama batalioni ya wanasoka, ambamo alihudumu Walter Tull, mjukuu wa mtumwa wa Barbados, aliyewahi kuichezea Tottenham na ambaye aliuawa Ufaransa Machi 1918 akiwa afisa.

Msimu uliendelea hadi mwisho wake. Everton ilitwaa ubingwa kwa pointi 46, moja tu juu ya Oldham Athletic. Tarehe 2 Aprili 1915, siku ya Ijumaa Kuu, Manchester United iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja iliifunga Liverpool 2–0 katika mechi ambayo matokeo yake yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya fedha za kamari, na uchunguzi ukawafungia maisha wachezaji saba wa timu hizo mbili. Mmoja wao, Sandy Turnbull, aliuawa vitani mwaka 1917, na adhabu yake ikaondolewa baada ya kifo chake. Fainali ya Kombe la Chama cha Soka iliyochezwa Old Trafford mwezi huohuo ilihudhuriwa na askari wengi mno hata ikapewa jina la rangi ya sare zao. Baada ya hapo ligi ilisimama, ikarudi mwaka 1919.

Waingereza waliobishana katika majira yale ya baridi hawakujua, au hawakujali, kwamba vita vyao vilikuwa vimekwisha kufika Ziwa Kivu. Tarehe 24 Septemba 1914, ligi ikiwa na wiki tatu tu tangu ianze, Wajerumani waliokuwa Rwanda waliteka kisiwa cha Idjwi, na kutoka hapo hadi jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilipoingia Tabora Septemba 1916, wenyeji wengi mno wa mashariki ya Kongo walitiwa kamba ya upagazi, wakibeba risasi na chakula cha watu wengine hadi wakafa kwa njaa na kuhara damu. Hakuna aliyewauliza wapagazi hao kama dunia ina haki ya kucheza. Kila mjadala wa maadili huanza kwa kuchagua ni maiti gani zihesabiwe, na mjadala wa 1914 haukuzihesabu za Kivu.

Hoja yenyewe ya Charrington, hata hivyo, si ya kupuuzwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kuwa nafsi huchoka kama mwili unavyochoka, kuwa mchezo ndio pumziko lake, na kuwa hata mtu asiyejua kabisa kufurahi wala kuwafurahisha wenzake ana kasoro. Lakini aliweka sharti kuwa mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Anayepinga mpira wakati wa vita hasemi kuwa mchezo ni dhambi. Anasema kuwa wakati wake haujafika. Hoja hii inasimama juu ya dhana moja ambayo haitajwi, nayo ni kwamba vita vina mwanzo na mwisho, kwamba furaha inaweza kuwekwa akiba na kuchukuliwa baadaye. Waingereza waliweza kuifunga ligi mwaka 1915 na kuifungua mwaka 1919. Dhana hiyo inapopelekwa Masisi haina pa kusimama. Mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, wilayani Walikale, Machi 1993 yalisambaa hadi Masisi, na tangu hapo makundi ya silaha yamebadilishana majina, wakuu na washirika bila wilaya hizi kupata amani ya kudumu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mzazi, na pengine watoto wake wamezaliwa kambini. Kumwambia mtu wa namna hiyo angoje amani ndipo acheze ni kumwambia kuwa hakupaswa kuwa na utoto, na hakuna mafundisho ya dini yoyote inayojiheshimu yanayoweza kudai hivyo kwa mtu aliyedhulumiwa.

Desturi za Afrika Mashariki zimekwisha kulitafakari jambo hili kwa njia yao. Katika misiba ya sehemu nyingi wanaume hukesha nje kwenye moto wakicheza karata au bao, na mfiwa haoni kuwa ametukanwa, kwa sababu wachezaji wamekuja, wamekaa, wamechanga, na usiku huo hawatalala kwao. Kinachohalalisha mchezo wao ni kuwapo kwao kilioni. Yule ambaye jamii humlaumu ni jirani anayebaki nyumbani kwake akicheka wakati maiti imelazwa mlango wa pili, na lawama hiyo ingemfika hata kama asingekuwa akicheza chochote.

Walikale yenyewe ina ushahidi wa kina zaidi. Wanyanga, ambao nchi yao ya asili iko humo, wana utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na bingwa wao Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo, mwana ambaye baba yake alitaka kumuua tangu kuzaliwa, anamfuatia baba huyo kuzimu hadi kwa mungu Sheburungu. Anapofika anakutana na watoto wenye njaa na kuwatafutia chakula, ndipo anaketi na Sheburungu kucheza wiki, mchezo wa kubahatisha unaochezwa kwa mbegu. Anapoteza kila alicho nacho, kisha anaweka fimbo yake ya mkia, anashinda vyote, na baba anarudishwa. Wanyanga hawakuona ajabu mchezo kuwekwa katikati ya jambo la kufa na kupona, wala kuchezwa mbele ya mungu. Walichotanguliza ni kwamba wenye njaa wale kwanza.

Kwa kipimo hicho cha kuwapo kilioni yafaa kulitazama tukio la tarehe 7 Februari 2024. Siku zile mapigano ya jeshi la serikali na kundi la waasi la M23 yalikuwa yamefika karibu na Sake, mji mdogo wa Masisi ulio kilometa kama 25 magharibi mwa Goma, na maelfu ya watu walikuwa barabarani na magodoro vichwani. Huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Kongo walisimama kwa wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja, kuonyesha bastola na ukimya. Walifungwa 1–0, lakini walikuwa wamefika kilioni. Wapo wanaosema kuwa ishara haizuii risasi, na ni kweli. Wapo pia wanaokumbusha jinsi Rais Mobutu wa Kongo alivyoitumia timu ya nchi hiyo iliyokwenda Kombe la Dunia la 1974 kuipamba serikali yake, na onyo hilo ni la haki, kwa kuwa mpira unaoweza kumtaja marehemu ndio huohuo unaoweza kumficha. Tofauti haimo katika mpira. Imo katika kama anayecheza anakubali kuonekana pamoja na wafiwa.

Ndiyo maana kosa zito la zama hizi haliwahusu vijana wanaopiga mpira wa makaratasi na kamba kwenye udongo wa Masisi. Mwaka 2018 Arsenal, klabu iliyokuwamo katika daraja la pili msimu ule wa 1914–15, ilianza kuvaa mkononi mwa jezi tangazo la utalii la Rwanda, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara nyingi kuwa jeshi lake linaiunga mkono M23, jambo ambalo serikali ya Rwanda imekuwa ikilikanusha. Mwanzoni mwa 2025, Goma ikiwa imetekwa na M23, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern München na Paris Saint-Germain akizitaka zivunje mikataba yao ya matangazo na Rwanda. Hoja ya 1914, kwamba mkataba ni ahadi, inarudi hapa ikiwa imedhoofika: mchezaji wa Oldham alitetea mkate wa watoto wake, lakini klabu tajiri kuliko wilaya nzima ya Masisi haiwezi kujificha nyuma ya mkate. Wala watazamaji hawako mbali kama wanavyodhani, kwa kuwa koltani ya Rubaya, machimbo ya Masisi yaliyoangukia mikononi mwa M23 Aprili 2024, hutoa tantalamu inayotiwa katika simu ambazo mechi hutazamwa.

Charrington aliwaendea watazamaji wa Fulham akitaka mchezo uzimwe, akakosea aliyestahili kuambiwa. Mapadri, wachungaji, masheikh na wazee wa Masisi na Walikale wasirudie kosa hilo kwa kuwakemea watoto wanaocheza karibu na makaburi mapya; watoto hao ni wafiwa, na uwanja ni wao. Wawakemee wanaofanya viwanja na shule kuwa kambi za askari, na waziandikie klabu za Ulaya, kwa majina ya vijiji na tarehe za mauaji, hadi zijibu.