Mkono Uliochora

Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti kuna sanduku la kutunzia vyeti. Lifungue, nawe utaiona Nembo ya Taifa: mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, katikati yao ngao yenye mwenge, bendera, mkuki, shoka na jembe, chini Mlima Kilimanjaro, karafuu na pamba, na maneno Uhuru na Umoja. Watoto tuliowafundisha waliweza kueleza maana ya kila alama. Lakini hakuna aliyeuliza ni nani aliyeichora, wala sisi walimu hatukujiuliza.

Mwaka 2017 vyombo vya habari vilituletea habari za Mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha. Alikutwa Buguruni, Dar es Salaam, mgonjwa na maskini, naye alisema kwamba ndiye aliyeichora nembo hiyo. Alilazwa Amana, kisha Muhimbili, akafariki mwezi wa Mei mwaka huo huo. Wapo pia waliosema kuwa mchoraji ni mwingine, na ubishi huo haujaisha.

Basi yafaa tujiulize: aliyechora kitu cha wote anadaiwa nini na wote?

Wapo wasemao hatudaiwi kitu. Kazi ya taifa ni ya taifa, tena nembo hupita mikono mingi: huyu hutoa wazo, yule huchora, mwingine hurekebisha. Maneno hayo yana ukweli. Nembo haiwezi kuwa ya mtu mmoja kama shamba lake. Lakini mali ni jambo moja na shukrani ni jambo jingine. Mali huhamishwa kwa sahihi ya siku moja, shukrani haihamishiki. Na kama mikono ilikuwa mingi, basi na majina yawe mengi, si kukosekana hata moja.

Hapa hatuna budi kuungama. Katika shule moja tuliyofundisha, beji ya shule ilichorwa na mwanafunzi. Tuliipenda, tukaishonesha kwenye sare miaka mingi. Mwaka mmoja mgeni alituuliza ni kazi ya nani. Tulitazamana. Mmoja wetu alitaja jina, mwingine akataja jingine. Mpaka leo hatujui. Kijana yule hatukumnyang'anya shilingi hata moja, lakini tulimnyang'anya jina lake kwa uvivu wa kuandika mstari mmoja.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Siku ya kwanza jina huandikwa kwa dakika moja. Baada ya miaka hamsini mashahidi wamekwisha. Msema kweli na aliyekosea hufanana, nasi hatuwezi kumheshimu mmoja bila hofu ya kumdhulumu mwenzake. Ndiyo maana Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, hakisemi tu kwamba kulikuwa na mafundi. Kinamtaja Bezaleli, na Oholiabu, na baba zao, na kabila zao.

Lakini tujihadhari na kosa la pili. Mzee asilazimike kuthibitisha kazi yake ndipo apate uji na dawa. Mzee mgonjwa hutunzwa kwa kuwa ni mzee wetu, awe alichora nembo au alichunga ng'ombe maisha yake yote. Jina ni deni, matunzo nayo ni deni, na hili la pili halingoji ushahidi.

Sasa tuangalie hapa nyumbani. Nani alichonga msalaba ulio mezani pa Bwana? Nani alishona bendera ya akina mama? Nani aliandika kibao kilichoko barabarani? Baadhi yao bado wanaketi nasi kwenye mabenchi. Daftari moja latosha. Wazee wa kanisa wakilinunua, sisi tuko tayari kuanza kuandika Jumapili ijayo baada ya ibada.