Je, Ni Kosa Kutamani Nguo Mpya?

Watu wengi hudhani ya kuwa mambo ya mitindo ya nguo ni mambo ya Paris, wala si ya Masisi. Twawaomba wasomaji wangoje kidogo. Kila mwaka, mwezi wa pili unapokaribia kwisha, mwanamke wa Masisi au wa Walikale husikia sokoni swali moja: kitenge cha Machi mwaka huu ni kipi? Pengine hajamaliza kulipa deni la Noeli, na swali hilo limekwisha kumfikia. Maana tarehe 8 Machi ni siku ya wanawake duniani pote, lakini katika Kongo siku hiyo ina kitambaa chake, na mama asiyekuwa nacho huonekana toka mbali. Basi leo twataka kulitazama jambo hili bila haraka. Je, kutamani nguo mpya ni kosa? Na ikiwa si kosa, ule uchungu tunaouona katika nyumba nyingi kila ifikapo sikukuu watoka wapi?

Wafanya biashara wa Ulaya wana maonyesho yao ya vitambaa, yaitwayo Première Vision, yaliyoanza Lyon mwaka wa 1973 na baadaye yakahamia Paris. Hapo wauzaji huonyesha rangi na nyuzi za msimu ambao bado haujafika. Hupita karibu mwaka mzima kabla nguo zile hazijatundikwa dukani. Yaani kuna mtu aliyekwisha kuamua leo ni kitu gani tutakachoona aibu kutokuwa nacho mwaka ujao. Wazungu hugawanya misimu hiyo kwa baridi na joto. Sisi nasi tuna misimu, lakini si hiyo. Katika milima ya Masisi sweta huvaliwa asubuhi hata wakati wa kiangazi. Ukishuka Walikale, msituni, sweta ile ile ni mzigo. Misimu yetu ya nguo ni sikukuu: Machi, Pasaka, komunyo ya kwanza ya watoto, mwisho wa mwaka wa shule, arusi, Noeli. Na mwenye kuutangaza msimu si duka la Paris, bali ni kamati ya arusi.

Kitenge chenyewe, au kikwembe kama wengi wetu tusemavyo, kina safari ndefu. Ufundi wa kuchora kwa nta ulitoka Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine katika karne ya 19, na kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond, kilichoanza mwaka wa 1846, hata leo huuza vitambaa hivyo Afrika. Wachina nao huwaiga Waholanzi, wala hatuoni kwa nini tuwakasirikie, kwa kuwa Waholanzi ndio waliotangulia kuiga. Kongo nayo ilijipatia kiwanda chake Kisangani, Sotexki, katika miaka ya 1970. Barabara itokayo Walikale kupitia Lubutu hufika mji huo. Lakini kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa matope, na mama wa Walikale alipata kitenge chake kutoka Goma, mara nyingi kwa ndege ndogo. Machimbo ya bati ya Bisie yalipofunguka, mnamo mwaka wa 2002, ndege zilitua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo ili kupakia mawe. Bidhaa za wachimbaji, nguo zikiwemo, ziliingia msituni juu ya vichwa vya watu, mwendo wa siku mbili. Kila mlima ulipopandwa, bei nayo ilipanda.

Sasa tutoe mfano. Si habari ya mtu fulani, lakini wasomaji wa huko watamtambua. Arusi imepangwa. Kamati imekaa, imechagua kitenge, imesema: ndugu wote wa upande wa bwana arusi watavaa hiki. Yadi 6, maana ndizo zinazotoa vipande 3: kimoja cha blauzi, kimoja cha kuvaa chini, kimoja cha kujifunga juu yake au kumbebea mtoto. Tena kuna ujira wa fundi. Shangazi yake bwana arusi akaa mlimani, alima maharage na viazi. Ana madebe 2 ya maharage aliyoyaweka kuwa mbegu. Afanye nini? Akiyauza, atapendeza siku moja, na mvua za kupandia zitamkuta mikono mitupu. Asipoyauza, hataenda. Hatasema, “Sina fedha.” Atamtuma mtoto aseme, “Mama ana homa.” Na huko arusini watu watanong'onezana, “Shangazi ana majivuno siku hizi.” Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini shangazi huyu hata kuazima hawezi, maana kila mwenye kitenge kile amekivaa siku ile ile.

Wako watu, hasa wanaume, wanaojibu upesi kwamba dawa yake ni kuacha fahari. (Tumeona ya kuwa wasemao hivyo mara nyingi wana viatu vinavyong'aa.) Sisi hatukubaliani nao. Tazameni barabara ya Sake katika miaka hii ya vita. Kitshanga ilitekwa mwezi wa kwanza wa mwaka 2023. Masisi-kati ilitekwa mwanzoni mwa mwaka 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi ule ule. Kwa mama aliyekimbia, kitenge ni blanketi usiku, mbeleko mchana, pazia katika kibanda cha turubai, na pengine sanda. Tena ni akiba: aliyeondoka na kitenge kipya ambacho hakijashonwa aliweza kukiuza mtoto alipougua. Mwenye kusema kwamba kupenda kitambaa kizuri ni upuuzi hajamwona mama wa kambini akifua kitenge chake cha mwisho siku ya Jumamosi, ili Jumapili asitazamwe kama mkimbizi. Huyo hatafuti fahari. Atafuta kuonekana mtu.

Katika mwaka ule wa 2023 palifanywa Goma onyesho la mavazi liitwalo Liputa, neno la Kilingala ambalo maana yake ni kitenge. Vijana wa Kongo na wa nchi nyingine walitembea jukwaani kwa nguo mpya, na wenye kulipanga walisema nia yao ni kusaidia amani. Kando ya mji, Kanyaruchinya na Bulengo, watu wa Rutshuru na Masisi walikuwa wakilala chini ya maturubai. Mtu aweza kuuliza: ni haki kweli? Sisi tulijiuliza, na jibu halikuja upesi. Mwenye njaa hashibi kwa kutazama gauni. Lakini tangu mauaji ya soko la Ntoto, katika Walikale, mwezi wa tatu wa mwaka 1993, dunia imezoea kumwona mtu wa Kivu katika picha akiwa amelala chini au amenyosha mkono. Kumwona amesimama wima, amevaa kazi ya mikono ya fundi wa mtaani, si jambo dogo. Na fundi yule naye hula kwa nguo hizo. Wako waliokimbia risasi na cherehani mgongoni, wakaacha godoro. Tena tuliona tofauti moja, nayo ndiyo iliyotufungulia njia. Onyesho lasema: tazama. Kamati yasema: vaa hiki, au usije.

Je, basi tuondoe shida kwa kuwavika watu wote sawa? Kongo ilikwisha kujaribu jambo la namna hiyo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, akawataka wanaume wavae abakosti, na wanawake vitenge, hata ilipofika mwaka wa 1990. Ilisemwa kwamba tutakuwa wamoja na wa kweli. Lakini wakubwa walishonewa abakosti zao Ubelgiji kwa kitambaa cha bei kali, na mwalimu wa kijijini alivaa ya kwake mpaka ikapauka mabegani. Wote walivaa mtindo mmoja, na bado kila mtu alijua nani ni nani. Sare ya kulazimishwa haikuleta usawa. Ilimnyima maskini ruhusa ya kuvaa alicho nacho, basi.

Na hapo twaona kidonda kilipo. Wanawake wa masoko ya Afrika ya magharibi huvipa vitambaa majina, na kimoja chaitwa “Mume wangu anaweza.” Jina zuri, la kuchekesha. Lakini mke ambaye mume wake hawezi alisikiaje? Kitambaa hakina kosa, wala aliyekivaa kwa furaha. Kosa huingia pale tunapofanya furaha yetu kuwa mlango, tukasimama mlangoni kuhesabu yadi. Kamati yenyewe haina nia mbaya. Yataka tu picha iwe nzuri, na ndugu waonekane wamoja. Ajabu ni kwamba, ili waonekane wamoja, humwacha mmoja nyumbani.

Pengine utasema, “Basi wachague rangi tu, kila mtu avae cha bluu alicho nacho.” Ziko arusi zilizofanya hivyo, na nyingine zikataka kilemba tu kiwe cha namna moja, kwa gharama ndogo. Hatusemi kwamba aibu ilikwisha. Jicho la watu laona kitambaa cha zamani hata kikiwa cha bluu. Lakini shangazi alikuja, akala, akaimba, akamshika bibi arusi mkono. Tena mbegu zake zilibaki ndani ya debe. Fundi alipata kazi ndogo zaidi, ni kweli, na hilo hatulifichi. Mwenye kuishi kwa sindano ana haki ya kutununia.

Mwaka wa 2025 siku ya tarehe 8 Machi ilipita Walikale watu wakiwa na masikio barabarani. Siku 11 baadaye mji ulitekwa, na wenyeji wengi walikimbilia msituni. Mwanzoni mwa mwezi wa nne askari wale wakaondoka. Aliyekimbia namna hiyo huondoka na kitenge alichokivaa, na pengine kimoja zaidi, kilichofungwa pamoja na sufuria. Lakini watu huoana hata baada ya vita, na pengine upesi zaidi. Siku moja kamati itakaa tena chini ya mti, mtu atafungua kipande cha mfano kilichotoka Goma, na wote watasema ni kizuri. Sisi twangependa kujua ni nani hapo atakayeuliza, kabla bei haijatajwa, kama shangazi amekwisha kupanda.