Dhima ya Kuatamia

Liko swali ambalo wafugaji wa Awindiri, nchini Uganda, hulijibu kwa mikono yao kila siku, kabla ya wanazuoni kulijibu kwa ndimi zao, nalo ni hili: kuku jike anapovimbisha manyoya yake, akapunguza kula hata akakonda, akayalalia mayai kwa muda wa siku 21 na kumdonoa kila amsogeleaye, hata yule amlishaye, je, subira yake hiyo ni fadhila inayostahili heshima, ama ni msukumo tu wa silika usiokuwa na haki yoyote mbele ya haja za mwanadamu?

Koo wa kienyeji, katika nyua za Awindiri na katika vijiji vya Koboko vinavyoelekea mpaka wa Sudani Kusini, hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha huacha kutaga akaatamia; akiisha kutotoa huwaongoza vifaranga wake kwa wiki nyingi, akiwachakuria udongo, akiwaita penye mchwa, akimrukia mwewe bila ya kupima nguvu zake na za adui, na kwa sababu ya mizunguko hiyo mirefu mayai yake ya mwaka mzima aghalabu hayapiti 40 au 60. Mwenye nyumba huitumia subira hiyo kwa busara: mayai ya kanga, ambaye hutaga vichakani na ni mlezi dhaifu, huwekwa chini ya kuku, naye huketi siku 27 au 28 badala ya 21, akawalea makinda wa kigeni bila ya kuwabagua. Lakini siku ambayo haja ni mayai wala si vifaranga, mkono uleule humwondoa kiotani, humfunga mguu kwa kamba, pengine humchovya katika maji ya baridi, mpaka joto la kifuani limtoke arudie kutaga.

Mwaka 2010 aliletwa Uganda kuku wa namna nyingine, Kuroiler, chotara aliyezalishwa Uhindi, ambaye hupata riziki yake kwa kuchakura uani kama wa kienyeji, hukua upesi kumshinda, na hutaga mayai 150 au zaidi kwa mwaka. Tabia yake aghalabu ni ya utulivu. Hawi mkali juu ya kiota, kwa kuwa baada ya kutaga hana haja nacho tena. Sababu yake inajulikana. Homoni iitwayo prolaktini, ikizidi mwilini mwa kuku, humwamshia hamu ya kuatamia na papo hapo huyazuia mayai. Basi wazalishaji waliochagua, kizazi baada ya kizazi, kuku wasioacha kutaga, waliwachagua kwa hakika wale waliopungukiwa na hamu ya ulezi. Aristotle alikwisha kuliona jambo la jinsi hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alipoandika habari za kuku wadogo wa Adria waliotaga kila siku, lakini wakawa wakali wa tabia hata mara nyingi wakawaua vifaranga wao.

Wako wasemao kwamba kugeuza maumbile ni kumkosea Muumba. Nawaheshimu, ila siafikiani nao, maana hata koo wa kienyeji hakubaki kama alivyokuwa: asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, na mkono wa mwanadamu umemfuga na kumgeuza tangu maelfu ya miaka. Tena yai moja katika sahani ya mtoto ni neema isiyofaa kudharauliwa. Wako na wasemao kinyume, ya kuwa mnyama ameumbwa kwa ajili yetu na maneno yamekwisha. Hao nawapinga kwa nguvu zaidi. Imepokewa katika hadithi za Abu Daudi kwamba baadhi ya masahaba walichukua makinda wawili wa ndege mdogo, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemtia uchungu, akaamuru arudishiwe wanawe. Huzuni ya ndege ilihesabiwa kuwa ni huzuni. Nao Ikhwan al-Safa wa Basra, katika karne ya 10, walitunga kisa cha wanyama kuwashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, ambamo hoja za umbo, akili na ufundi zilivunjwa moja baada ya moja, mpaka wanadamu wakaikimbilia hoja ya ufufuo na hesabu ya Akhera. Ukubwa wetu, kwa kisa hicho, ni ukubwa wa kuulizwa.

Fadhila haiwi fadhila pasipo hiari, na kuku hana hiari ya kuatamia zaidi ya ile yaliyo nayo maji ya kuteremka bondeni. Kwa hiyo simwiti mwema, wala Kuroiler aachaye mayai yake simwiti mwovu. Lakini mwenye hiari akiiondoa kazi hiyo katika kifua cha ndege, kazi haikufutika: imehamia kwake, na hapo ndipo inapoanza kuwa jambo la wema na ubaya. Vifaranga wa siku moja wanunuliwao sokoni ndani ya boksi ni mayatima kwa matakwa yetu. Usiku wa baridi, umeme ukikatika au mkaa ukizimika, hulundikana pembeni wakitafuta joto, na wa chini hufa kwa kukosa pumzi; hawana wa kuwafunika ila yule aliyewanunua, na akilala usingizi pasipo kuwatazama, ameacha lililokuwa wajibu wake. Chanjo ya kideri, maji safi, ulinzi dhidi ya mwewe, yote yameingia katika dhima hiyo.

Na kwa kuwa mayai ya chotara hayatoi watoto wa sifa zilezile, mfugaji aliyewamaliza koo wake wa kienyeji hubaki akiwategemea watotoleshaji wa mbali kila msimu. Ndiyo maana nawasihi watu wa Awindiri wasiwaondoe koo hao nyuani, na tena wasiwadhulumu kwa ajili ya wema wa silika yao. Siku hizi wafugaji hufundishwa kumnyang'anya koo vifaranga mara tu wanapototolewa na kumwekea mayai mengine, ili aatamie tena na tena. Hukubali, kwa kuwa hana namna ya kukataa, huku kifua chake kikibaki mfupa. Atendaye hivyo na amwekee nafaka na maji kando ya kiota, amtoe nje kila asubuhi anyoshe miguu, na baada ya mara ya pili amwachie vifaranga wake.