Waridi la jangwani: Pambo la barazani ni amana ya mlimani

Ndugu Waislamu, wiki hii tutafakari juu ya mti mdogo ambao wengi wetu tunao barazani: waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum.

Kwao hasa si chunguni. Ni kwenye majabali na miteremko mikavu ya mawe, kuanzia Afrika Magharibi hadi Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari huko Yemen na Dhofar, Oman. Mvua ikinyesha, huweka maji katika shina lake nene. Kiangazi kikiingia hupukutisha majani, na matawi yakiwa matupu huchanua maua ya waridi na mekundu. Ni nani aliyeufundisha kuweka akiba wakati wa neema ili usife wakati wa dhiki? Hiyo ni ishara kwa wenye akili.

Lakini mti huo huo utomvu wake ni sumu inayodhuru moyo. Wawindaji wa Kiafrika wameutumia kupaka mishale. Basi wenye watoto na mbuzi nyumbani wauweke mbali, na anayeukata anawe mikono. Uislamu umekataza kujidhuru na kudhuru wengine.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Nilimuuliza muuzaji mmoja wa kando ya barabara, mti wenye shina nene kama mtungi ameutoa wapi. Akajibu bila wasiwasi: "Porini, Ustadhi. Tunang'oa tu." Shina kama lile halikui kwa mwaka mmoja. Mlima umebaki na shimo, sisi tunajisifu kwa pambo! Wala tusiseme, "Mimi nimenunua tu." Mnunuzi ndiye anayemtuma mng'oaji. Mwanadamu ni khalifa katika ardhi, na khalifa ataulizwa.

Hatukukatazwa kupenda uzuri. Njia safi ipo: mti huu huota vizuri kwa mbegu na hukua chunguni. Tumuulize muuzaji umetoka wapi. Akisema mlimani, tumwachie. Tununue mche uliooteshwa, tuulee. Tutapata pambo, na subira juu yake.

Allah atujaalie tuwe wachunga amana. Amin.