Haya na Kivimbe cha Titi

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeufanya mwili kuwa amana, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, aliyewaamuru waja wajitibu na kuwafundisha kwamba kila maradhi yameteremshwa pamoja na dawa yake, isipokuwa uzee.

Agizo hilo linagusa jambo linalofichwa sana katika nyumba za mji wa Moshi na za vijiji vya Mlima Kilimanjaro, nalo ni kivimbe ambacho mwanamke kijana hukigusa titini mwake akioga au akinyonyesha, kisha akakaa nacho kimya mwezi baada ya mwezi. Hunyamaza kwanza kwa sababu hakimuumi, ilhali saratani ya titi, yaani chembechembe za mwili zinazozaana bila kiasi na kuvamia sehemu nyingine, mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Anayenyonyesha huambiwa ni maziwa yaliyoganda. Asiyeolewa huogopa kwamba akikatwa titi hataposwa. Na wapo wanaosadiki kwamba kisu ndicho kinachotawanya ugonjwa, kwa kuwa wamewaona waliopasuliwa wakafariki, bila kuuliza walichelewa kiasi gani.

Sababu inayopewa heshima kuliko zote, hata isiyostahili, ni haya. Haya, yaani nafsi kujizuia na lenye aibu, ni katika imani. Lakini Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliwasifu wanawake wa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Ama aura, yaani sehemu za mwili zinazopasa kusitiriwa, wanazuoni wanaruhusu ifunuliwe kwa haja ya tiba kadiri inavyohitajika tu: hutangulizwa daktari mwanamke, na asipopatikana hutibu mwanamume, mgonjwa akiwa na mahram wake, yaani jamaa asiyeweza kumuoa, au mwanamke mwingine. Rubayyi' binti Mu'awwidh, mmoja wa masahaba wanawake, naye amesimulia jinsi wanawake walivyotoka vitani pamoja na Mtume wakiwanywesha maji na kuwauguza majeruhi wanaume.

Wengine husema wamemwachia Mungu. Lakini Khalifa Umar bin Khattab aliporudi njiani kwa ajili ya tauni ya Amwasi iliyokuwa Sham, Abu Ubayda, amiri wa jeshi lake huko, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari kuiendea kadari nyingine. Na anayeshuka kutoka Rombo au Machame kwenda hospitali ya KCMC, inayopokea wagonjwa mjini Moshi tangu mwaka 1971, yumo katika hukumu hiyohiyo. Huko titi hupapaswa, hupigwa picha ya ultrasaundi, na ikilazimu hutolewa kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe maabara. Na vivimbe vingi vya wasichana huonekana si saratani.

Hata hivyo, kumlaumu binti peke yake ni dhuluma, kwa kuwa nauli na ruhusa mara nyingi zimo mikononi mwa mume au baba, ambaye huenda akamtanguliza kwa mganga wa kienyeji mpaka kivimbe kitoke kidonda. Mafakihi wengi wa kale hawakuihesabu tiba katika matumizi ya lazima ya mke, jambo ambalo baadhi ya waume hulishika haraka kuliko sala ya alfajiri. Lakini wanazuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu pamoja na chakula na mavazi, kwa kuwa kuishi kwa wema, ambako Qur'ani inakuamrisha, hakukamiliki kwa kumlisha mke mzima na kumwacha anapougua.