Deni Lililolipwa kwa Asiyedai

Katika toleo la Iron Man 3 lililoonyeshwa China mwaka 2013 kuna mzee anayeitwa Daktari Wu, ameigizwa na Wang Xueqi, mwigizaji anayeheshimika sana kwao. Anajimiminia kinywaji cha maziwa cha kampuni ya Yili, anakunywa, anaongea kwa simu na msaidizi wa Tony Stark. Baadaye tunamwona katika chumba cha upasuaji akiwa na nyota mwingine mkubwa, Fan Bingbing. Vipande hivyo vya nyongeza vinafika kama dakika 4. Watazamaji wa nchi nyingine hawakuviona, na hadithi yao haikupungukiwa kitu. Hakuna anachokitaka Daktari Wu ambacho filamu inakisubiri, hakuna anachokihofia, hakuna atakachopoteza. Yupo ili aonekane, na maziwa yaonekane pamoja naye. Wachina wengi waliotazama walilalamika kwamba vipande vile havikuwa na maana.

Malalamiko hayo yanastahili kufikiriwa. Watu walipewa sura yao, lugha yao na waigizaji wanaowapenda, kisha wakakinai. Walikosa nini?

Sababu ya Hollywood kujipendekeza kwa China haikuwa siri. Mwaka 2012 China ilikubali kuongeza filamu za nje zinazogawana mapato kutoka 20 hadi 34 kwa mwaka, na studio ya Marekani ikapewa asilimia 25 ya kiingilio. Soko lilikuwa linakua kwa kasi, na mlangoni alikaa mkaguzi wa serikali mwenye uamuzi wa nani aingie na nani abaki nje. Transformers: Age of Extinction ya mwaka 2014 ikamfanya shujaa wake atoe fedha kwenye mashine ya benki ya China katikati ya Texas, ikahamishia vita vyake Hong Kong, ikavuna huko China takriban dola milioni 320, zaidi ya ilizovuna Marekani. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kujipendekeza hakulipi. Kulilipa vizuri sana. Ubaya wake inabidi tuutafute nje ya vitabu vya hesabu.

Plato aliutafuta zamani. Katika Gorgias, Socrates anatenganisha ufundi wa kweli na kujipendekeza. Tabibu anajua mwili unahitaji nini na anaweza kutoa sababu ya kila dawa, hata iliyo chungu. Mpishi anabahatisha kinachopendeza ulimi, na mbele ya baraza la watoto mpishi atamshinda tabibu. Nakubaliana naye, lakini naona kuna jambo la kuongeza. Anayejipendekeza hukazia macho kitu kimoja ulicho nacho, kiwe pochi, kura au muhuri wa kibali, na wewe uliyebaki unakuwa ukungu mbele yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuvishwa kilemba cha ukoka na yule anayemvisha asimwone hata kidogo.

Ushahidi wangu mkubwa ni Red Dawn, ile iliyotoka mwaka 2012. Ilipigwa ikiwa hadithi ya jeshi la China linaloivamia Marekani. Kabla haijatoka habari zake zikazua hasira huko China, na studio ya MGM ikaamua kubadilisha adui: wavamizi wakawa watu wa Korea Kaskazini. Bendera, nembo na alama za kwenye sare zikafutwa na kuchorwa upya kwa kompyuta, maneno yakahaririwa. Nyuso zikabaki zilezile. Hebu tumfikirie fundi aliyekaa mbele ya kompyuta, picha baada ya picha, akiondoa nyota za njano kwenye kitambaa chekundu na kuweka alama ya taifa jingine, kwa uangalifu mkubwa, kwa gharama kubwa. Kila kipande cha kitambaa kilihesabika. Mtu aliyevaa kitambaa hicho hakuhesabika. Ilichukuliwa kwamba anafaa kuwa Mchina jana na Mkorea leo, na hakuna atakayegutuka. Kitendo kimoja kikawa heshima kwa Beijing na dharau kwa kila mwenye sura ya Asia Mashariki, kwa wakati uleule na kwa mkono uleule. Filamu ilipotoka, matusi yaliyosambaa Twitter yaliwalenga Waasia kwa jumla, bila kuchagua taifa. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi kwamba unaweza kumwogopa mtu na bado usimtambue.

Na hapa ndipo ninapofikia jambo linaloniuma zaidi. Hollywood ilikuwa na deni la kweli, na wadai wake wanajulikana. Anna May Wong alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, akawa nyota wa kwanza wa Hollywood mwenye asili ya China. MGM ilipotengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China iliyotoka mwaka 1937, nafasi ya mume alipewa Paul Muni, Mzungu aliyepakwa vipodozi. Kanuni za studio za wakati ule zilikataza mapenzi ya watu wa rangi tofauti kwenye skrini, basi mke naye akatafutwa Mzungu, Luise Rainer, aliyepata Oscar kwa kuigiza mke wa mkulima wa Kichina. Wong alipendekezewa nafasi ya Lotus, suria anayevuruga nyumba. Akakataa. Huyo ndiye mdai, pamoja na wote waliomfuata: waigizaji waliozeeka wakisubiri simu, na watoto wa mitaa ya Wachina, Wajapani na Wafilipino wa California walioona sura zao zikitumika kama kichekesho au kitisho.

Miaka mingi baadaye studio zikaanza kulipa, lakini fedha zikapelekwa kwa mtu mwingine. Mtazamaji wa Beijing hakuwa anaidai Hollywood uwakilishi. Ana filamu zake, mashujaa wake, wabaya wake, vichekesho vyake. Kila siku anajiona kila mahali. Aliyedai hakuwa na pochi ya kutosha, na aliyekuwa na pochi hakuwa na dai. Kwa kuwa sura zao zinafanana machoni pa mwenye studio, malipo kwa mmoja yakaandikwa kana kwamba yamemfikia mwingine. Tena kuna mahali walipogongana waziwazi. Katika vitabu vya katuni vya Doctor Strange mwalimu mkuu wa uchawi ni mzee wa Tibet. Katika filamu ya mwaka 2016 akawa mwanamke Mzungu, Tilda Swinton. Studio ilitoa sababu zake, lakini C. Robert Cargill, mmoja wa waandishi, alisema hadharani kwamba kumwacha awe Mtibeti kungehatarisha kulikera soko la China. Mwasia mmoja akafutwa asije akamkera mwingine.

Kuna atakayeniuliza: kama mtu anaweza kumpenda shujaa asiyefanana naye, uwakilishi wenyewe una haja gani? Hapa Afrika Mashariki tunalijua jambo hilo kwa karibu. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972, Chen Zhen, yaani Bruce Lee, anazuiwa kwenye lango la bustani mjini Shanghai, na kibao kilichotundikwa pale kinakataza mbwa na Wachina. Anaruka na kukivunja kwa teke. Kipande kile kilipopigwa, hakuna aliyemfikiria mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa, wala hakuna Mswahili aliyepachikwa pembeni anywe maziwa. Lakini watu waliokulia penye vilabu na hoteli za Wazungu tu hawakuhitaji kufafanuliwa kibao. Bruce Lee akawa steringi wao, na kwenye vibanda umiza amebaki hivyo.

Swali, basi, ni la haki, na jibu langu ni hili. Mtoto wa Temeke alipotoka ukumbini alikuta mtaa umejaa watu wa sura yake: mwalimu, mwizi, shehe, mlevi, mshairi. Picha ilikuwa nyongeza ya ulimwengu ambao tayari ulimjua. Mtoto wa Kichina wa Ohio alipotoka alikutana na majirani ambao Mchina pekee waliyewahi kumjua walimwona kwenye skrini ileile. Kupenda shujaa wa rangi nyingine hakumshindi. Kinachomlemea ni macho ya wenzake, yaliyokwisha kufundishwa jinsi ya kumtazama.

Macho hayo hayafundishwi upya kwa kuonyeshwa nyuso nyingi zaidi. Yanafundishwa na mhusika anayetaka kitu. Katika Crazy Rich Asians ya mwaka 2018, Rachel, mhadhiri wa uchumi kutoka New York, anacheza mahjong na Eleanor, mama wa mpenzi wake Nick, mwanamke aliyeigizwa na Michelle Yeoh kwa ukali uliotulia. Rachel anaokota kigae cha mianzi 8. Kigae hicho kinampa ushindi. Anamweleza Eleanor kwamba Nick amemposa na yeye amekataa, kisha anakiachia kigae. Eleanor anakichukua na kushinda. Ndipo Rachel anapogeuza vigae vyake, na mwenzake anaona alichoachiwa. Filamu haisimami kumfundisha asiyejua mchezo. Wanawake wawili wana jambo lao, na sisi tunaruhusiwa kuwepo. Filamu ina aibu zake, maana Wahindi na Wamalay wa Singapore wamebaki walinzi na watumishi pembezoni, na China yenyewe haikuichangamkia. Hata hivyo Ke Huy Quan, aliyekuwa nyota mtoto miaka ya 1980 kisha akaacha uigizaji kwa kukosa nafasi, anasema filamu hiyo ndiyo iliyompa moyo wa kurudi. Mwaka 2023 alishika Oscar.

Sasa China haihitaji sana filamu za Marekani. Filamu yao Ne Zha 2 ilivuka dola bilioni 2 mwaka 2025, karibu zote zikitoka kwao. Nafasi zilizotolewa kwa ajili ya pochi zitaondoka na pochi, na nahofia kwamba wataondoka nazo waigizaji ambao hawakuomba kutumiwa hivyo. Lakini Shang-Chi, filamu ya Marekani, haikufunguliwa kabisa China bara mwaka 2021, na bado ilivuna zaidi ya dola milioni 430. Adui wake ni Wenwu, baba aliyeigizwa na Tony Leung. Anasikia sauti ya mkewe aliyekufa ikimwita nyuma ya lango, anaiamini, anapeleka jeshi kijijini kwa mkewe kulivunja lango hilo. Amekosea vibaya, na kosa ni lake mwenyewe, limetoka kwenye mapenzi yake. Wakati ule wa Red Dawn kuna mtu angeagizwa amfute kwa kompyuta. Kwa kuwa pale mlangoni hakuna tena wa kubembelezwa, nangoja kuona kama studio zitaendelea kuwaandika watu kama yeye.